Tumbo la Shamba la Mama

Karani wa ushirika alikitazama kioo cha kompyuta yake, akanitazama mimi, akarudi kwenye kioo. Kisha akasema kwa sauti ya kuitosha foleni nzima, "Dada, shamba la mama yako lina mimba."

Foleni ikacheka. Mimi kazi yangu ni kuchekesha foleni, si kuchekwa nayo, kwa hiyo nikamwambia kama ni mimba basi aandike mapacha, tupate mashamba mawili. Wakacheka tena, safari hii upande wangu. Karani hakucheka. Aliigeuza kompyuta ili nione. Mistari mitatu ya mpaka ilikuwa imetulia. Wa nne, ule wa mashariki, ulianza vizuri, ukafika katikati, ukavimba, ukaingia shamba la jirani, ukazurura huko kama mlevi anayetafuta choo, ndipo ukarudi nyumbani.

"Mmemlalia mwenzenu," karani akasema. "Jirani ameshaingizwa tangu wiki jana, na mfumo haupokei mashamba mawili yaliyopandana. Mama azunguke upya, au kama kuna mtu anajua kurekebisha kwenye kompyuta, arekebishe. Mimi siruhusiwi kugusa. Orodha inafungwa Ijumaa saa tisa. Asiyekuwemo, kakao yake ushirika hauipokei msimu huu. Mwingine!"

Ilikuwa Jumanne. Nilimbembeleza mpaka akaninakilia mpaka wa jirani kwenye flashi, ili nijipime mwenyewe kabla ya kurudi kuaibishwa.

Nieleze kidogo, usije ukadhani huku Kyela tumepatwa na wazimu wa ramani. Watu wa ng'ambo wanaokula chokoleti hawataki tena kakao iliyopandwa kwa kufyeka msitu. Sina ugomvi nao. Ila ili wajue, kila shamba, hata lenye migomba kumi na makaburi mawili katikati, linatakiwa lichorwe mpaka wake kwenye ramani. Makarani ni wachache, kwa hiyo ushirika ulisema mwenye simu janja azunguke mwenyewe: unawasha programu, unatembea mpaka wote, unarudi ulipoanzia, unazima. Mama hana simu janja. Ninayo mimi, ina ufa toka kona hadi kona. Na Jumamosi ya kuzunguka, ya kwanza ya likizo, mimi nilikuwa shuleni nafyeka nyasi, adhabu ya kumwigiza mwalimu wa zamu anavyopiga chafya. Nilimwigiza vizuri mno. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kwa hiyo mama alizunguka peke yake. Tumbo lile, ukilitafutia chanzo, lilianzia kwenye chafya.

Ndiyo maana sikuweza kukaa. Baba yuko Chunya anatafuta dhahabu ambayo nayo, naona, inamkimbia. Kipande kile cha Bujonde, kijijini kwetu, eka moja na kidogo, mama alipewa alipoolewa, na kakao yake ndiyo inayonifanya niwe kidato cha tatu badala ya kuwa nyumbani nachekesha kuku. Niliporudi mama akaniuliza, "Wamepokea?" Nikasema, "Wanashughulikia." Halafu nikafagia uwanja. Nikamaliza, nikafagia tena. Mama alisimama mlangoni akiniangalia kwa wasiwasi.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi umeharibu kitu."

Sikumwomba azunguke upya kwa sababu mbili. Ya kwanza, ningekiri kwamba nimedanganya. Ya pili, nilikuwa na uhakika kosa ni la simu. Chini ya kakao na migomba simu haizioni satelaiti vizuri, inabahatisha. Angezunguka tena angeniletea tumbo jingine, pengine na kitovu. Dawa, nikajiambia, ni kulinyoosha kwenye kompyuta.

Jumatano asubuhi nikapanda bodaboda hadi Kyela mjini, kwenye duka la stationery la mzee mmoja ambaye sote tunamwita Ami, neno alilokuja nalo kutoka Tanga pamoja na kofia yake na mashine ya kwanza ya fotokopi. Nikiwa likizo huwa namsaidia kuchapa barua na ratiba za misiba, naye hunipa kompyuta ikiwa haina mteja. Kwenye kompyuta hiyo kulikuwa na programu ya ramani ya kulipia, iliyoachwa na mpima ardhi aliyewahi kuazima meza. Nikaifungua. Ikaniambia muda wa leseni umekwisha, ikakaa kimya kama mlinzi wa benki.

Fundi simu wa kibanda cha jirani alikuwa amechungulia. "Hiyo inavunjwa tu," akasema. "Nina ufunguo wake kwenye flashi."

"Ni halali?" Ami akauliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Ami, dunia nzima inatumia."

"Sikuuliza dunia."

Lakini wateja wakaingia, Ami akageuka, na mimi, mwenye miguu inayocheza chini ya meza tangu Jumanne, nikampa fundi ishara achomeke. Akachomeka. Programu haikufunguka. Badala yake kila faili kwenye kompyuta ya Ami likageuka kuwa kialama kidogo chenye mshale, ukibofya hakuna kitu. Barua, picha za paspoti, mikataba ya vyumba. Na ratiba ya mazishi ya saa nane mchana, nakala mia mbili, ambayo mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo dukani na kitambaa cheusi mkononi.

Fundi akakumbuka ana mteja kibandani kwake.

Ami hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Mwanangu, huyu bwana amefiwa. Unamwambiaje?"

Nilimwambia yule mfiwa kwamba tunaipangilia vizuri. Kisha nikakaa saa mbili nikitoa uchafu. Mafaili hayakuwa yamefutwa, yalikuwa yamefichwa tu, na kuna amri unaiandika kwenye dirisha jeusi la kompyuta, yanarudi moja moja. Nakala za mazishi zilitoka saa saba na nusu. Marehemu ndiye pekee aliyesubiri bila kulalamika.

"Sasa hilo dubwana litoe," Ami akasema, akiionyesha programu ya kulipia kwa kidole kama anayeonyesha panya. "Kitu cha wizi kwenye chombo changu sikitaki. Umeona kilicholeta?"

Nikalitoa. Nikabaki na chaguo moja, lile nililokuwa nikilidharau tangu mwanzo. Mwalimu wa jiografia alitugawia mwaka jana programu huria ya ramani, QGIS, kwenye flashi. Tuliitumia siku moja, darasa zima, kupima umbali kutoka shule hadi mgahawa wa chapati, halafu tukaisahau. Mimi niliidharau kwa sababu mbili: ni ya bure, na uso wake una vitufe vingi kuliko ndege ya abiria. Nilidhani kitu cha maana lazima kiwe kimefungwa.

Nikaiweka. Haikuuliza ufunguo. Haikuuliza mimi ni nani. Ami akasogea.

"Hii ni ya nani?"

"Ya watu wote, Ami. Wanaitengeneza wengi, kila mmoja kwao. Ukitaka unafungua ndani unaona ilivyoundwa, ukijua unaongeza chako."

"Bure?"

"Bure."

"Na wao wanakula nini?"

Nikainua mabega. Ami akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa mwenyewe. "Kama futari ya msikitini," akasema. "Huyu kaja na uji, yule kaja na mihogo, hujui nani kaleta tende. Unakaa unakula. Haya, kula, lakini saa kumi na moja nafunga."

Kula kwenyewe kulikuwa na mifupa. Nilipofungua faili la mama, kioo kikawa cheupe kabisa. Nikabofya hiki, nikabofya kile. Kumbe shamba lipo, ila nilikuwa nimesimama mbali nalo, kama mtu anayemtafuta sisimizi akiwa juu ya mlima. Kuna kitufe cha kukupeleka lilipo. Nikalikuta, dogo, na tumbo lake. Nikaiambia kompyuta ipime eneo. Ikajibu sifuri, nukta, sifuri, sifuri, sifuri, mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mama. Jasho lote lile la kupalilia, sifuri! Ikanichukua muda kuelewa kwamba ilikuwa inapima kwa nyuzi za dunia, zile za latitudo na longitudo, ambazo kwa eka moja ni sawa na kupima chumvi kwa lori. Inabidi uiambie uko kanda gani ya dunia ili ihesabu kwa mita. Kanda yetu ni ya thelathini na sita kusini. Nikaichagua, na shamba likapata eka. Nikaruka kwenye kiti. Umeme ukakatika.

Umeme wa Kyela unajua kuchagua. Nilikaa gizani mchana kweupe, nikitingisha mguu, Ami akinitazama. "Mguu huo ungekuwa umefungwa kwenye jenereta," akasema, "tungefungua duka."

Haukurudi siku ile.

Alhamisi nilifika kabla hajafungua. Umeme ulikuwepo. Nikashika zana ya kuhariri, nikaanza kufuta kimoja kimoja vidoti vya tumbo, vile ambavyo simu huviweka kila hatua, halafu nikaunganisha vilivyobaki kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikauweka mpaka wa jirani pembeni, nikauliza programu: yanapandana? Ikasema hapana. Dakika kumi na tano tu! Nikawa nimesimama, niko tayari kutoka, bodaboda nishaipungia mkono kupitia mlangoni. Nikasema kabla sijaondoka niweke picha ya satelaiti chini yake, kwa maringo tu, nione nilivyonyoosha.

Picha ikajitokeza vipande vipande. Migomba, kakao, bati linalong'aa. Mstari wangu ulionyooka ulikuwa umepita katikati ya bati. Bati lile nalijua, ni la babu mzaa baba. Nilikuwa nimempa mama nusu ya nyumba ya baba mkwe wake, ikiwemo, kwa hesabu zangu, chumba cha kulala.

Nikampungia bodaboda aende zake.

Nikalirudisha tumbo. Safari hii nililitazama likiwa juu ya picha, na nikaona halikuwa la kubahatisha hata kidogo. Liliuzunguka uwanja wa babu kwa nyuma, kwa umbali ule ule kila mahali, likapita shamba la jirani, likarudi. Simu inayobahatisha haizunguki nyumba kwa adabu namna ile. Nikakumbuka kila kidoti kimebeba saa yake, na programu inaweza kuvipaka rangi kwa kufuata saa. Nikavipaka. Vidoti vya mama vilitembea vizuri upande wa mashariki, vikasimama ghafla hatua thelathini kabla ya uwanja, vikajazana mahali pamoja kama inzi kwenye embe. Dakika kumi na moja. Halafu vikakata kulia, kwenda kwa jirani.

Nikajiegemeza kwenye kiti. Ami akauliza, "Kimeharibika tena?"

"Hapana, Ami. Hii mashine imemwona mama amejificha kwenye migomba."

Kwetu mke wa mtu hakutani na baba mkwe wake. Si chuki. Ni heshima, ya zamani sana, na siku hizi wengi wameiacha, ila mama na babu hawajaiacha. Miaka yote niliyonayo duniani sijawahi kuwaona wakitazamana. Akitokea babu njiani, mama anaacha njia, anageukia pembeni, kanga juu ya kichwa. Chakula cha babu nakipeleka mimi. Majibu ya babu nayaleta mimi. Tangu nilipoweza kushika sahani bila kuimwaga, mimi ndiye mtandao wao, na sijawahi kulipwa hata vocha. Na asubuhi babu hukaa uwanjani, palepale unapopita mpaka, akiuanika juani mguu wake unaouma.

Nikarudi Bujonde mchana huo huo. Mama alikuwa anageuza kakao kwenye kichanja.

"Mama, Jumamosi ulisimama dakika kumi na moja pale karibu na kwa babu. Ulikuwa unafanya nini?"

Mkono wake ukasimama juu ya kakao. "Nani kakuambia?"

"Simu."

"Simu inasema hivyo?"

"Inasema yote."

"Basi izime."

Nikamwambia ukweli wote, wa Jumanne, wa orodha, wa Ijumaa saa tisa. Nilitegemea kofi. Alikaa kwenye kiroba, akasema polepole, "Nilisubiri aingie ndani. Hakuingia. Nikasema nipite mbali kidogo, simu itaelewa."

"Simu haina mkwe, mama."

Akacheka bila kutaka, halafu nikaona midomo yake inahesabu kitu, misimu au karo, sijui. "Mpaka wa pale mimi siujui," akasema. "Umepita ndani ya uwanja wake. Sijawahi kuukanyaga."

Nikajaribu kuukanyaga mimi. Niliwasha simu, nikaingia uwanjani kwa babu nikitembea kama bwana shamba.

"Ugonile, babu," nikamsalimu.

"Nagona. Unatafuta nini na simu puani?"

"Mpaka wa shamba la mama."

Alinitazama nikipita kushoto kwa jiko. Akaanza kucheka, cheko lile lake la kikohozi. "Hapo umemega jiko langu. Sogea. Hapo sasa unamdhulumu mama yako migomba mitatu. Mtoto gani huyu, shule inawafundisha nini?"

"Inatufundisha mipaka ya Brazili, babu."

"Ndiyo maana." Akajiinua kwa fimbo. "Mpaka huo niliuweka mimi, kwa jembe, wewe hujazaliwa wala baba yako hajaota ndevu. Lete hiyo simu."

"Babu, lazima iwe safari moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nani atazunguka kule kwingine? Mguu wako hautafika, na mimi kona zake sizijui."

Alitazama upande wa kakao, ambako wote wawili tulijua nani yuko, kisha akatazama kisiki cha mwembe uliokatwa, mwisho wa uwanja wake. "Mwambie," akasema, na hakumtaja, hajawahi kumtaja, "mimi nitatoka na simu kona ile. Nikifika kwenye kisiki nitaiweka. Nitaingia ndani, nitafunga mlango. Yeye aichukue aendelee."

Nikakimbia kwa mama. Nikarudi kwa babu. Nikakimbia tena kwa mama, maana alitaka kujua mlango upi, wa mbele au wa uani. Sijawahi kukimbia namna ile hata kwenye mashindano ya shule.

Babu alitembea mpaka wake kama anayesoma kitu ardhini. Fimbo, mguu, mguu mbovu. Mahali pengine alisimama akaugonga mmea wa mpaka kwa fimbo, akanung'unika, akaendelea. Niliona kwamba mstari haukuvimba kwenda nje kamwe. Ulibonyea ndani, ukaupisha uwanja, ukatoka. Akafika kwenye kisiki. Akaiweka simu, kioo juu, akaifuta vumbi kwa kiganja. Akaingia ndani. Mlango ukasikika.

Mama alikuwa nyuma ya migomba, kanga kichwani. Hakutoka.

"Mama! Ameingia."

"Nasikia."

"Vidoti vinajazana!"

"Viache vijazane."

Alihesabu kimoyomoyo, kisha akatoka, akatembea upesi huku ameinamisha uso, akaiokota simu kwa mikono miwili, jinsi unavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa, akapiga goti kidogo mbele ya kisiki kitupu. Halafu akashika mpaka. Nilimfuata akizunguka pande zote tatu hadi kona aliyoanzia babu. Huko nyuma mlango ulibaki umefungwa muda wote, na nina hakika babu alikuwa kwenye ufa wa dirisha, lakini hilo si la kuandikwa kwenye ramani.

Ijumaa mvua ilinyesha toka alfajiri. Nilifika kwa Ami nimelowa, flashi nimeifunga kwenye mfuko wa sukari. Mstari ulifungwa vizuri. Penye kisiki palikuwa na lundo la vidoti, dakika sita nzima. Nikalisafisha kwenye nakala ya kupeleka, nikabakiza kimoja. Nikapima dhidi ya jirani: hakuna kupandana. Eka zilipungua kidogo kuliko za tumbo, ila ni zetu kweli. Ami alikataa nitoke bila mwavuli, na bodaboda alikataa nipande na mwavuli, tukabishana wote watatu hadi mvua ikapungua.

Saa nane na dakika arobaini nilikuwa mbele ya karani. Akafungua, akakuza, akapunguza. Nikasikia mguu wangu unagonga meza yake.

"Acha kutikisa ofisi," akasema. Kisha, "Hapa penye kibonyeo nani alizunguka? Pamenyooka kuliko kwingine."

"Baba mkwe."

"Na kwingine?"

"Mkwe."

Aliniangalia. Naye ni wa huku huku. Akabonyeza, jina la mama likaingia kwenye orodha, kijani.

Nilikimbia nyumbani kwenye tope. Mama alisikia habari, akashukuru, "Ndaga fijo," akitazama juu, si kwangu, akaingia jikoni. Akatoka na sahani ya wali na samaki, akaifunika, akanipa nipeleke.

Babu aliipokea. "Wamepokea?"

"Wamepokea, babu."

Akala matonge mawili kwanza. "Mwambie mche wa kakao wa tatu kutoka kwenye kisiki unaoza. Matunda meusi. Auondoe kabla haujaambukiza mingine. Nimeuona jana nikipita."

Nikarudi, nikamwambia mama mche wa tatu kutoka kwenye kisiki. Akachukua panga ukutani, akafunga kanga, akafika mlangoni akasimama.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Anakula."

"Ndani au nje?"

Nikatoka mbio kwenda kuangalia.